Friji Haihitaji Bando: Namna ya Kuchagua na Kudhibiti Vifaa vya Nyumbani Vinavyodai Intaneti

Friji kazi yake ni kupoza, mashine ya kufulia kazi yake ni kufua, na balbu kazi yake ni kuangaza. Kazi hizo zote huanzia na kuishia ndani ya nyumba. Hata hivyo vifaa hivi sasa vinauzwa vikiwa na chipu ya Wi-Fi, programu ya simu, na akaunti ambayo mnunuzi hudaiwa kuifungua kabla hajafua hata shati moja. Mara nyingi intaneti hiyo haimwongezei mwenye nyumba kitu. Inamwongezea mtengenezaji: anajua unavyotumia kifaa, anaweza kukibadilisha baada ya kukulipisha, na anaweza kukiacha kife siku atakapochoka kukihudumia.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima kama kifaa kinahitaji intaneti kweli, cha kuangalia dukani, na namna ya kuvidhibiti vile ambavyo tayari viko nyumbani.

Anza kwa kuzima ruta

Zima ruta kwa muda wa saa 1, zima na intaneti ya simu, kisha zunguka nyumba ukijaribu kila kifaa. Andika matokeo kwenye karatasi kwa mafungu matatu: kilichofanya kazi yake yote kama kawaida, kilichopoteza jambo dogo (mfano, ujumbe wa kwenye simu kwamba nguo zimekwisha kufuliwa), na kilichokwama kabisa.

Fungu la kwanza liondoe kwenye Wi-Fi leo hii. Fungu la pili amua mwenyewe kama jambo hilo dogo lina thamani kwako. Fungu la tatu ndilo la hatari, na usilinunue tena.

Sababu ya kukwama ni njia ambayo amri hupita. Unapobonyeza simu ili kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako, kwa vifaa vingi vya bei nafuu amri haiendi kwenye taa. Inatoka kwenye simu hadi kwenye ruta, inapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu, inafika kwenye seva ya mtengenezaji nchi nyingine, inakagua akaunti yako, ndipo inarudi nyumbani kwako. Sehemu moja ikikatika, taa haikusikii. Tarehe 7 Desemba 2021 hitilafu kwenye seva za Amazon za kaskazini mwa Virginia iliwakwamisha wenye mashine za kufagia za Roomba na kamera za mlangoni za Ring. Tarehe 20 Oktoba 2025 seva za eneo hilohilo zilipoyumba tena, watu waliokuwa na magodoro ya Eight Sleep, yanayopoza na kupasha joto, walishindwa kuyarekebisha wakiwa wamelala juu yake.

Hayo yalipona baada ya saa chache. Kuna mengine hayakupona. Revolv, kisanduku cha takriban dola 300 cha kuongoza taa na milango, kilikufa moja kwa moja tarehe 15 Mei 2016 baada ya kampuni iliyokinunua kuzima seva zake. Linganisha na vidhibiti joto vya Nest vya toleo la kwanza na la pili: Google ilivikata kutoka kwenye programu ya simu tarehe 25 Oktoba 2025, lakini ukutani bado vinazungushwa kwa mkono na vinafanya kazi. Tofauti yao ni ile sehemu inayoguswa kwa kidole. Ikumbuke ukiwa dukani.

Dukani, kabla ya kutoa pesa

Mwambie muuzaji awashe kifaa bila kukiunganisha na chochote, na usiridhike na maelezo ya mdomo. Kwenye TV, angalia kama hatua ya kuunganisha Wi-Fi inaweza kurukwa. TV nyingi za Google TV (mfumo wa Google wa kuendeshea TV) hukupa mwanzoni chaguo la kuitumia kama TV ya kawaida bila akaunti. Lichague na uone kama chaneli na HDMI zinafunguka. Kwenye kiyoyozi, hakikisha rimoti ina kila kitu: joto, kasi ya feni, mwelekeo wa upepo, taima. Kwenye mashine ya kufulia, hesabu programu za kufua zilizoandikwa kwenye mashine yenyewe, maana baadhi ya watengenezaji huacha chache kwenye kitufe na nyingine huzificha ndani ya programu ya simu.

Wauzaji wengi huchanganya "inverter" na "smart", tena bei huongezwa kwa zote mbili kwa pamoja. Ni vitu tofauti kabisa. Inverter ni namna kompresa inavyoendeshwa: badala ya kuwaka kwa nguvu zote na kuzima, inapunguza na kuongeza mwendo kulingana na joto, na hapo ndipo unapookoa umeme wa kiyoyozi au friji. Haihitaji intaneti hata kidogo. Kama bajeti inatosha kwa kimoja tu, lipia inverter.

Uliza pia masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Muuzaji huenda hajui, lakini kuna njia. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawalazimu watengenezaji wa vifaa vya intaneti kutangaza muda wa chini wa kutoa masasisho, na inakataza nywila moja ya kiwandani kutumika kwa vifaa vyote. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Uingereza, tafuta namba ya modeli na tarehe ya mwisho wa huduma. Modeli yako inaweza kutofautiana kidogo na ya kule, lakini utapata picha. Kifaa unachotegemea kukaa nacho miaka 10 huku masasisho yake yakiisha baada ya miaka 3, kihesabu tangu mwanzo kuwa kifaa kisicho na intaneti.

Jambo la mwisho la dukani ni umeme. Kifaa kinachosubiri amri kupitia Wi-Fi hakilali. Kikila wati 2 tu usiku na mchana, kwa mwaka ni uniti 17.5 za LUKU au tokeni. Vikiwa vitano nyumbani ni karibu uniti 88 ambazo hazikupika wala hazikupoza.

TV: hapa ndipo penye mengi

TV ya kisasa haioneshi tu, nayo inatazama. Kila baada ya muda mfupi inachukua alama za picha iliyo kwenye kioo na kuzituma kwenye seva, ambako zinalinganishwa na hifadhi kubwa ya vipindi na matangazo ili kutambua unachotazama. Haijali picha imetoka wapi: king'amuzi, deki ya DVD, au kompyuta kupitia HDMI. Februari 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za namna hiyo kutoka TV milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Baada ya hapo watengenezaji waliweka fomu za kuomba ridhaa, na wengi wetu tunabonyeza "kubali" kwa haraka ili tuwahi mpira.

Kama ni TV ya LG, fungua mipangilio, nenda General, kisha System, kisha Additional Settings, uzime "Live Plus". Kwenye Samsung, tafuta sehemu ya masharti na faragha, uondoe alama kwenye "Viewing Information Services". Kwenye Sony nyingi jina la kuzima ni "Samba Interactive TV". Menyu husogezwa kidogo toleo hadi toleo, ila majina hayo mara nyingi hubaki. Zima pia matangazo yanayolengwa na usikilizaji wa sauti. Rudia ukaguzi huu kila baada ya sasisho kubwa, kwa sababu masharti mapya huletwa tena kwenye kioo, na kitufe cha kukubali ndicho huwa kimeng'aa.

Dawa kamili zaidi ni kutoiunganisha TV kabisa. Ikiwa na king'amuzi na fleshi inatosha kwa nyumba nyingi. Ukihitaji sasisho la kurekebisha kasoro fulani, pakua faili kwenye kompyuta kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli, weka kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, na uichomeke. Kwa LG faili huwekwa ndani ya folda uliyoipa jina LG_DTV. Kwa Samsung faili lifunguliwe kwanza kutoka kwenye zip na liwe nje ya folda yoyote nyingine. TV isipoliona, kosa huwa ni fleshi iliyofomatiwa kwa mtindo mwingine, NTFS, au modeli inayotofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Sasisho likishaanza, usizime umeme. Penye mgao, subiri siku ambayo umeme umetulia, au iunge TV kwenye betri ya nyumba.

Wanaotumia hotspoti ya simu wajihadhari hasa. TV ukishaiunganisha mara moja inakumbuka jina na nywila. Siku nyingine unawasha hotspoti kwa ajili ya kompyuta, TV iliyo kwenye hali ya kusubiri nayo inajiunga kimyakimya na kuanza kushusha sasisho la mamia ya MB, nawe unabaki kujiuliza bando limeishia wapi. Ukimaliza kutazama, ingia kwenye mtandao wa TV uchague kuusahau, au badilisha nywila ya hotspoti. Na ukitazama filamu, punguza ubora kwenye akaunti yenyewe: Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K.

Ukitaka filamu za mtandaoni, ni busara zaidi kununua kifimbo au kisanduku kidogo cha HDMI chenye jina na kuiacha TV yenyewe bila intaneti. Programu huzeeka mapema kuliko kioo. Siku zikikataa kufunguka utabadilisha kisanduku tu.

Lakini si kisanduku chochote. Vile vya Android visivyo na jina, vinavyouzwa kwa ahadi ya chaneli zote za bure, vingine hutoka kiwandani vikiwa tayari na programu ya uhalifu ndani. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa hivyo unaoitwa BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google walifungua kesi wakisema vifaa vilivyoambukizwa vinazidi milioni 10. Kinachofanyika ni kwamba wageni hupitisha shughuli zao kwenye intaneti yako, kwa hiyo anwani inayoonekana kwenye utapeli wao ni ya nyumbani kwako, na bando linaloliwa ni lako. Fungua Play Store ya kisanduku, nenda mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu, usome kama kimethibitishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Kama hakikuthibitishwa, au kilikutaka uzime Play Protect ili chaneli zifunguke, usiingize nywila yoyote humo. Kukirudisha katika hali ya kiwandani hakusaidii, kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya mfumo ule ule unaorudishwa. Kichomoe na ukiache.

Kamera

Hiki ni kifaa ambacho kina sababu ya kuonekana ukiwa mbali, kwa hiyo hatusemi kikatwe bila kufikiri. Tunachosema ni kwamba picha zihifadhiwe nyumbani. Nunua kamera yenye kadi ya kumbukumbu au mashine ya kurekodi, na iwe na ONVIF au RTSP, yaani lugha za pamoja za kamera, ili iweze kusomwa na mashine ya kampuni nyingine.

Hesabu yenyewe inakushawishi. Kamera moja inayotuma Mbps 2 mfululizo inatoa MB 900 kwa saa, sawa na GB 21.6 kwa siku, au karibu GB 650 kwa mwezi. Hakuna bando la kawaida litakalobeba hilo. Kamera nne kwenye diski ya TB 1 zinakupa siku 11 hivi kabla picha za zamani hazijafutwa, bila kutumia hata senti moja ya intaneti.

Badilisha nywila ya kiwandani kabla kamera haijagusa mtandao. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, kama "admin" na "1234". Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliiangusha Dyn, kampuni inayoelekeza majina ya tovuti kwenye seva zake, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kwenye ruta, zima UPnP, ambayo huruhusu kamera kujifungulia mlango wa nje bila kukuuliza.

Kuviweka pembeni kwenye ruta

Kifaa unachotaka kibaki kwenye Wi-Fi kitenge na simu na kompyuta zako. Fungua ukurasa wa ruta: nyingi za 4G za Huawei ni 192.168.8.1, nyingine ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kibandiko cha chini ya ruta kitakuambia. Washa mtandao wa wageni, uupe nywila yake kwa ulinzi wa WPA2, na uwe wa masafa ya 2.4 GHz, kwa sababu vifaa vingi vya nyumbani havina redio ya 5 GHz. Kifaa kikikataa kuunganishwa, mara nyingi shida ni hiyo. Wakati wa kuunganisha, simu nayo iwe kwenye mtandao huohuo wa wageni, kisha uirudishe kwako.

Ukitaka kifaa kibaki nyumbani lakini kisitoke nje, nakili anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), uiweke kwenye udhibiti wa wazazi wa ruta, na umzuie "mtoto" huyo saa zote 24. Kifanye hivi kwenye mtandao mkuu, kwani mtandao wa wageni kwa kawaida hauruhusu vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe.

Tegemea tatizo moja: saa. Vingi vya vifaa hivi havina betri ya saa ndani, huuliza muda kwenye intaneti. Ukivizuia, umeme ukikatika vingine hupoteza muda. Hita uliyoipanga iwake saa 11 alfajiri inaweza kuwaka muda mwingine kabisa, watoto wameshaoga maji baridi na kwenda shule. Ukiona kila kitu kinawaka saa isiyo yake, umeshapata jibu. Baadhi ya ruta zinaweza kutoa muda zenyewe. Ya kwako isipoweza, ruhusu kifaa kitoke nje dakika 10 baada ya kila umeme kukatika.

Taa, hita na soketi

Balbu nyingi za Wi-Fi umeme ukirudi huwaka kwa mwanga wote, hata saa 9 usiku. Tafuta kwenye programu yake mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uchague ibaki kama ilivyokuwa. Tatizo la pili halina mpangilio: mtu akizima swichi ya ukutani, balbu haipo tena kwa programu. Ndiyo maana ni bora kuweka relei ndogo (kifaa kinachowasha na kuzima umeme kwa amri ya Wi-Fi) nyuma ya swichi na kubaki na balbu ya kawaida. Swichi inafanya kazi kama zamani, intaneti iwepo isiwepo. Kabla ya kununua, fundi afungue boksi la swichi aone kama kuna waya wa nyutro. Kwenye nyumba zetu nyingi nyutro huenda moja kwa moja kwenye taa bila kupita kwenye swichi, na relei nyingi hazifanyi kazi bila huo waya.

Usiendeshe hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo kwa soketi ya Wi-Fi. Hita ya wati 5,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 22 hivi, wakati soketi hizo ni za ampea 10 au 16. Itayeyuka, na inaweza kuwasha nyumba. Kwa vifaa vidogo taima ya kuzungusha yenye vipini 96 vya dakika 15 inatosha. Umeme ukikatika nayo husimama na kuchelewa kwa muda uleule, lakini unairekebisha kwa kidole.

Friji na mashine ya kufulia

Hapa hakuna mengi. Mashine iache bila Wi-Fi. Friji nayo vilevile, kwa sababu tahadhari pekee ambayo ingekufaa, kwamba umeme umekatika na nyama inayeyuka, haiwezi kuituma: umeme ukikatika, ruta nayo imezimika. Weka kikombe cha maji kwenye friza, yagande, kisha weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi safari ukaikuta chini ya kikombe, jua kuwa friza iliyeyuka na kuganda upya, na usile kilichomo. Kipimajoto cha ndani kinatosha kwa mengine: nyuzi 4 kwenye friji, 18 chini ya sifuri kwenye friza.

Kuuza na kununua kilichotumika

Kabla ya kuuza au kugawa, kiondoe kifaa kwenye akaunti yako kwanza, halafu kirudishe katika hali ya kiwandani. Fuata mpangilio huo. Ukikifuta peke yake bila kukiondoa kwenye akaunti, baadhi ya vifaa hubaki vimefungwa kwa jina lako, na mnunuzi hawezi kukiongeza kwake. Ukikiacha bila kukifuta, unampa na nywila ya Wi-Fi yako.

Anayenunua TV au kamera ya mtumba iliyotoka Dubai au Ulaya afanye kinyume chake pale pale dukani: awashe hotspoti ya simu yake, akifute kifaa, akiunganishe upya, na akione kikikubali akaunti mpya mbele ya macho yake. Kikisema kimesajiliwa na mtu mwingine, mwenye uwezo wa kukifungua ni mmiliki wa kwanza, na huyo hutampata. Kama kazi unayoitaka haihitaji akaunti, bado unaweza kukichukua, ila lipa bei ya kifaa kisicho na intaneti.